Kivuli cha Mjumbe wa Igavilo

Obadia Nyagawa alimfuta Kastory Mgaya mchana kweupe, wenzake wakiwa kantini wanakunywa chai. Hakusita. Aliweka kidole juu ya namba ya mtu yule, mashine ikamuuliza kama ana hakika, naye akakubali. Kastory akatoweka Igavilo, yeye na simu zake na njia zake zote, kama vile mama yake hakuwahi kumzaa.

Aliyefutwa alikuwa kivuli. Kastory mwenyewe, wa nyama na damu, wakati ule huenda alikuwa mlimani kwake anapalilia viazi huku akipiga mluzi. Lakini mwenye wivu hachagui. Akikosa shingo atakaba hata shati.

Chumba kile kiliitwa Kioo. Ndani ya kompyuta zake ulikuwamo mji mzima wa Makambako pamoja na vijiji vya mlimani, mtu kwa mtu. Kila mkazi alikuwa na kivuli kilichotengenezwa kutokana na mazoea yake: humpigia nani, huugua majira gani, akiogopa hupiga mara ngapi. Vivuli havikuwa na majina wala sura, vilikuwa namba tu. Kazi yao ilikuwa kuilemea mashine. Zamani halmashauri ilikuwa ikiwasha mtambo kwa ngoma na vifijo, mvua ya kwanza unazimika, watu wanazikwa. Sasa hakuna mtambo unaowashwa kabla haujalemewa kwanza na vivuli. Ukianguka ndani ya Kioo, unaanguka bila kuua mtu.

Mtambo uliokuwa ukipimwa kabla ya masika yale uliitwa Sikio. Ungepokea simu zote za dharura, uzipange kwa uzito wa shida, kisha utume kipanga, ile ndege ndogo isiyo na rubani yenye machela moja tumboni. Halmashauri ilitaka kujua kama Sikio litahimili masika. Ilitaka pia kujua kama wajumbe wa mlio bado wanahitajika.

Mjumbe wa mlio alikuwa mtu wa kijijini anayelipwa posho kidogo ili apokee simu za jirani zake na kuzipeleka mjini. Vijiji vingi vilikwishawaacha. Igavilo bado walikuwa na wa kwao, naye alikuwa Kastory. Kikao cha halmashauri kikisema mjumbe hahitajiki, angehamishiwa Ludewa, huko kwenye machimbo ambako wajumbe bado walitakiwa, na Ludewa ni mbali.

Obadia alijua vizuri jinsi Ludewa ilivyo mbali. Alikwishaitazama kwenye ramani.

Sheria ya Kioo ilikuwa fupi: mpimaji asimtafute mtu. Lakini mume aliyekaa na mke miaka mingi hahitaji jina. Kivuli kinachoamka kabla ya jogoo, kinachompigia mama mmoja wa Njombe kila Jumapili baada ya ibada, kinachoshinda zahanati mpaka jua linazama, kingekuwa cha nani kama si cha Twilumba, muuguzi mkunga, mke wake wa ndoa? Na kutoka kwenye kivuli kile ulichorwa uzi wa mawasiliano, mnene kama kamba ya ng'ombe, ukapanda moja kwa moja hadi kwa mjumbe wa Igavilo. Uzi wa kumwendea Obadia mwenyewe ulikuwa mwembamba. Ilibidi kusogeza uso ili kuuona.

Tena huyu Kastory hakuwa mtu baki. Aliwahi kupeleka barua ya posa kwa baba yake Twilumba, kabla ya Obadia. Mzee aliirudisha kwa sababu kijana hakuwa na kazi ya kueleweka. Obadia alipata mke kwa sababu barua ya mwenzake ilirudi. Maneno haya hakuna aliyewahi kumwambia. Alijiambia mwenyewe, mara nyingi.

Basi alipomaliza kumfuta, akateremsha mvua ya masika juu ya Igavilo ya ndani ya Kioo, akaliachia Sikio kazi. Akakaa na kutazama foleni.

Foleni haikurefuka. Simu ziliingia, zikasikilizwa, vipanga vikaruka na kurudi. Mstari wake kwenye skrini ulilala chini, umenyooka, kijani. Bila Kastory, Sikio lilifanya kazi vizuri kuliko alipokuwapo.

Obadia akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa mpimaji mzuri, na ubaya wa kujua kazi ni kwamba unaijua hata siku usiyotaka. Alitazama jumla ya simu zilizoingia. Ilikuwa imepungua. Mvua ilikuwa ile ile, mlima ule ule, watu wale wale, lakini simu za kutoka Igavilo zilikuwa karibu na sifuri.

Alielewa palepale. Watu wa Igavilo hawakuwa na mazoea ya kupiga Sikio. Mazoea yao yalikuwa kumpigia Kastory. Alipofutwa Kastory, vivuli vikawa vinampigia mtu ambaye hayupo, na simu zao zikafia hewani. Wagonjwa wake waliondoka naye. Kosa hili hata mpimaji mwanagenzi alionywa asilifanye: ukiondoa mlango, usisahau kwamba watu bado wako nje wanataka kuingia.

Dawa ilikuwa rahisi, kuwaelekeza wale wote walipigie Sikio wenyewe, kisha apime upya. Mkono wake ulikwenda. Haukufika.

"Nyagawa, vipi Igavilo?"

Injinia Salome Haule alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Alikuwa mkuu wa Kioo, mama mnene wa maneno machache, na miwani yake ilikaa kichwani muda wote ila alipotaka kusoma.

"Foleni imetulia, Injinia."

"Bila mjumbe?"

"Bila mjumbe."

Haule aliteremsha miwani, akautazama mstari wa kijani. "Mzuri. Umenyooka mno, utadhani watu wa kule hawaugui." Akarudisha miwani kichwani. "Utausoma kwenye kikao. Safari hii tutapendwa, tumewapunguzia posho ya mtu."

Akaondoka. Obadia akauhifadhi mstari ule.

*

Nyumbani alimkuta Twilumba jikoni, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili inamenya viazi.

"Mwambie alale ubavu wa kushoto," alikuwa akisema. "Kushoto, Kastory, siyo kulia. Wewe kushoto kwako ni wapi, mwenzangu?" Akacheka, kile kicheko cha kurudisha kichwa nyuma. Obadia alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kicheko kile kilipotoka kwa ajili yake, akakosa. "Haya. Uchungu ukikaribiana unipigie. Usikimbilie kuita kipanga, bado sana huyo."

Akaikata simu kwa kidevu. "Karibu, Baba Lwidiko. Mbona umesimama kama mdai?"

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Kastory hajui kushoto. Alipokuwa kwaya alikuwa akianza kupiga hatua kwa mguu wa kulia, safu nzima inapotea."

"Unayakumbuka ya kwaya."

"Nayakumbuka. Na ya shule nayakumbuka. Na siku uliyoanguka na baiskeli kwenye mtaro ukija kwetu kujitambulisha, nayo naikumbuka." Alimtazama. "Una nini wewe?"

"Amekupigia mara ngapi leo?"

"Nani anahesabu? Una maswali kama trafiki."

Obadia alivuta kigoda, akakaa. Alitaka kulisema lile neno kwa upole, kama habari ya kawaida tu. "Huenda akahamishwa. Sikio likiwashwa, wajumbe hawatahitajika. Atapelekwa Ludewa."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Twilumba alikaa kimya kwa muda, na Obadia akaupima ukimya ule kama anavyopima foleni: unaanza wapi, unaishia wapi, una uzito gani. Akaona ni mzito. Mwanamke haombolezi jirani namna hii, aliwaza.

"Na nani atapokea?" Twilumba aliuliza.

"Sikio."

"Sikio." Alirudi kumenya. "Umewahi kumsikia mama wa Igavilo akiongea na mashine, hata ile ya zahanati? Inamuuliza uko eneo gani. Anajibu, nipo hapa hapa kwetu. Inamuuliza mgonjwa ana tatizo gani. Anajibu, hajisikii. Inarudia. Anaona inamdharau, anakata, anampa shemeji yake apige, naye anaanza upya. Kastory anasikia sauti tu, anajua ni mtoto wa nani, amelala nyumba gani na jana alikula nini."

"Unamsifia."

"Naisifia kazi, Baba Lwidiko. Wewe ukisifiwa kazi yako huwa unanuna?"

"Mimi hunisifii."

Twilumba aliweka kisu chini. Alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. "Wewe kazi yako sijui hata inafananaje," alisema. "Hujawahi kunieleza."

Walikula. Simu ililia tena kabla sahani hazijaondolewa, na Twilumba akatoka nayo uani kwa sababu mtandao ulikuwa mzuri zaidi kule. Obadia alilijua hilo. Yeye mwenyewe huenda uani akitaka kupiga. Hata hivyo alisogea dirishani, akasimama nyuma ya pazia, mtu mzima mwenye mvi, akimsikiliza mkewe akieleza jinsi ya kukata kitovu.

*

Kesho yake alifunga mlango wa Kioo kwa ndani. Alijiambia anataka kujua tu. Kujua hakumlazimishi mtu kitu.

Alimfuta Kastory kwa mara ya pili, lakini safari hii akawageuza watu wa Igavilo wote walipigie Sikio wenyewe, kwa mazoea yao: kwa kukata, kwa kurudia, kwa kupokezana simu. Muda wa kumsikiliza mmoja aliuweka mrefu, kwa kadiri ya yale aliyoyasema Twilumba kuhusu mama wa "hapa hapa kwetu". Kisha akaleta mvua.

Aliyewahi kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga anajua mambo haya. Maadamu debe moja linasagwa kabla la pili halijafika, hakuna foleni, na mwenye mashine anaweza kupiga soga. Watu wakianza kuja kwa kasi inayokaribia kasi ya kusaga, bado unaona mambo ni mazuri. Halafu waongezeke kidogo tu, watatu au wanne, na foleni haiongezeki kidogo. Inafika barabarani. Mashine haijaharibika, inasaga vilevile kama asubuhi, lakini aliye mwisho wa mstari atalala na njaa.

Sikio lilikwenda hivyo hivyo. Mwanzo mstari ulilala. Mvua ilipokaza Igavilo, ukainuka kama mtu anayeinua nyusi. Kisha ulipanda ukuta. Vivuli vilivyokosa jibu vilipiga tena, na kila kilichopiga tena kiliongeza foleni iliyokinyima jibu. Msongamano wa mlimani ukateremka mjini. Watu wa Makambako, wanaojua kutaja mtaa na namba ya nyumba, nao wakakwama nyuma ya watu wa Igavilo. Pembeni mwa skrini kulikuwa na alama ndogo ya kijivu kwa kila kivuli kilichokata simu kisirudie. Mwongozo uliiita "aliyeacha". Haukusema aliacha kwa sababu gani. Alama za kijivu zilijaa kama majivu.

Obadia aliongeza nguvu ya mashine, akaifanya mara mbili. Foleni ilishuka kidogo ikapanda tena, kwa sababu tatizo halikuwa kasi ya mashine. Tatizo lilikuwa muda wa kumwelewa binadamu, na hilo halinunuliwi dukani.

Akamrudisha Kastory. Simu nyingi za mlimani ziliishia kwake, tisa za mgonjwa mmoja akazifanya moja, nyingine akazimaliza kwa maneno tu kwenye ule uzi mnene. Foleni ikalala. Karibu ilale kabisa. Kwenye mvua kubwa kuliko zote hata Kastory alizidiwa, na alama za kijivu zikaanza kumzunguka. Mtu mmoja hawezi kuwa mlango wa mlima mzima.

Kwa hiyo Obadia akafanya kile ambacho mpimaji yeyote angefanya. Akaiagiza mashine itafute mtu wa pili, wa kukaa Igavilo kando ya mjumbe. Mashine ikajaribu kivuli kimoja baada ya kingine. Mwalimu wa kule alipunguza kidogo. Mchungaji aliongeza foleni, kwa sababu aliwaombea kwanza. Kisha mashine ikatulia, ikatoa namba moja, na mstari ukashuka hadi chini ukabaki huko, mvua ya namna yoyote, kijivu hakuna.

Hakuhitaji kuitazama namba ile mara mbili. Ilikuwa ya mkewe.

Alikaa. Akaiagiza itafute tena. Akaificha namba ile, akatafuta. Akampa yule mwalimu uwezo asiokuwa nao, akamtengenezea mkunga wa kubuni kutoka Njombe. Hakuna aliyefika. Ule uzi mnene uliomnyima raha ndio uliokuwa ukiwashikilia watu wa mlima mzima. Sasa mashine ilimwambia aukunje, uzi wote, mpaka ncha mbili zikutane kwenye chumba kimoja.

Akaiweka picha ya kwanza, ile ya kijani ya uongo, upande wa kushoto. Ya kweli akaiweka kulia. Ile ya kushoto ilimpeleka Kastory Ludewa. Hakuna ambaye angegundua mpaka masika, na masika wangesema ni mvua. Daima husemwa ni mvua.

Alizitazama mpaka macho yakamuuma. Kisha akainuka, akafungua mlango, akaenda kumwita Haule.

*

Haule alisoma kwa muda mrefu, miwani ikiwa puani.

"Jana ulinionyesha nini, basi?"

"Uongo, Injinia. Nilimfuta mjumbe nikawaacha wagonjwa wafutike naye."

"Ulikosea au ulifanya?"

Obadia angeweza kusema alikosea. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Nilikosea kwanza," alisema. "Nikaona. Nikaacha hivyo."

"Kwa nini?"

"Huyu wa pili ni mke wangu. Na yule mjumbe alitaka kumwoa kabla yangu."

Haule aliivua miwani, akaisugua kwa pindo la kitenge. "Ulimtafuta mkeo ndani ya Kioo."

"Nilimtambua. Halafu, ndiyo, nikawa namtafuta. Kila siku."

"Wewe ni mpumbavu, Nyagawa. Mpimaji hodari, lakini mpumbavu." Alisema bila hasira, kama anayesoma kipimo. "Kesho utasoma hii ya kulia mwenyewe. Ukimaliza, ufunguo wa Kioo unaniachia. Utarudi kwenye nyaya huko chini, maana sitamweka tena mtu wa namna hii juu ya vivuli vya watu. Na mkeo utamwambia wewe, kabla barua ya halmashauri haijamfikia. Hilo silifanyi mimi."

*

Alimwambia Jumamosi, wakianua nguo uani. Alimwambia yote, tangu uzi hadi kufuta, na kwamba halmashauri inamtaka akakae Igavilo kumsaidia mjumbe. Twilumba alisikiliza akiendelea kukunja, kila nguo akiipiga kwa kiganja, na vipigo vilizidi kuwa vikali.

"Kwa hiyo umekaa ukiniangalia," alisema mwishowe. "Mimi najua mume wangu yuko kazini, kumbe kazi ni mimi."

"Si wewe. Ni kivuli."

"Kivuli cha nani?"

Obadia aliinama, akaokota kibanio cha nguo.

"Baba aliporudisha barua ya Kastory nililia mpaka mama akatishia kunipiga. Hilo ulilikuta humo kwenye Kioo chenu?"

"Hapana."

"Halafu nikaolewa nawe. Sijamlilia tena. Hilo je, ulilikuta?" Alimtupia shuka, walishike pande mbili walikunje. "Mna mji mzima humo ndani na hamna kitu."

Wakalikunja. Walipokutana katikati, vidole vyao vikagusana.

"Ni siku za kazi tu," Obadia alisema. "Ungerudi Ijumaa. Una haki ya kukataa, hawawezi kukulazimisha."

"Wewe unataka niende?"

"Sitaki. Sitaki hata kidogo."

"Basi mbona uliwaonyesha?"

Alifikiri. "Ningeiacha ile nyingine, kila mvua ikinyesha ningekuwa nahesabu."

Twilumba alichukua beseni la nguo, akaliweka kiunoni. "Nitakwenda," alisema. "Tena nisingekwenda ungebaki unaniangalia mlangoni kila nikishika simu. Afadhali uniwazie nikiwa mbali, nami nipumue." Alipita, kisha akageuka. "Hasira zangu hazijaisha, Baba Lwidiko. Nitakuambia zikiisha."

Kastory alikuja kumchukua Jumatatu, na gari la kijiji lenye betri iliyochoka. Alikuwa mfupi kuliko Obadia alivyomkumbuka, na jino moja la mbele lilikwishatoka. Alisalimia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shemeji. Wametuambia wewe ndiye uliyetutetea kule kwenye kikao. Igavilo wanakushukuru. Wamesema siku ukipanda, kuku hatakosekana."

"Marahaba," Obadia alisema. Walikuwa karibu rika moja, ile shikamoo haikuwa ya lazima. Alijaribu kusikia kejeli ndani yake, akaisikiliza kwa bidii, akaikosa, na kuikosa kukamuudhi zaidi. "Ingia unywe chai."

Kastory alikunywa, akasifu. Obadia mwenyewe alibeba sanduku la mkewe, na kifurushi cha blanketi, maana mlimani kuna baridi. Alifunga kamba, akaivuta, akaifungua, akaifunga tena kwa nguvu. Twilumba alipanda mbele. Hakukuwa na siti nyingine.

"Ijumaa," alisema kupitia dirishani.

"Ijumaa."

Gari likaondoka taratibu, likapinda kwenye kona ya kanisa. Kabla halijapotea Obadia alimwona Kastory akisema jambo na kichwa cha Twilumba kikirudi nyuma.

Akaingia ndani. Akachukua kikombe alichonywea Kastory, akakiosha, akakifuta, akakirudisha kabatini. Akakaa kidogo. Kisha akakitoa, akakiosha tena.